Nimekula kwa Nyanya

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, simu muweke kando. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne, sitawazungusha. Mwaka ule mjukuu wangu alipoingia mashindano ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, watu wote waliniuliza swali moja: amekuwa wa ngapi? Watu wa kanisa waliuliza, ndugu zetu wa Kenya waliuliza kwa simu, na sisi wenyewe wa nyumbani tuliuliza hilo hilo. Kumbe mtoto alikuwa anakauka mbele ya macho yetu. Medali ilikuwa jambo dogo. Tulikuwa karibu kumzika.

Naishi Richfield, huku ughaibuni, katika nyumba ya binti yangu na mume wake. Ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinalia kabatini. Binti yangu ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko Bloomington, na mkwe wangu anapakia mizigo uwanja wa ndege. Wana mtoto mmoja tu, huyo msichana. Niliitwa kutoka Kenya nije nimlee alipokuwa mchanga, na kabla sijafungua sanduku nilijua ugumu utakuwa wapi. Kwetu Magharibi ya Kenya, mama mkwe na mkwe wake hawali meza moja. Hawashikani mikono, hawakai kochi moja, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima. Kulala tu chini ya paa la mkwe ilikuwa tayari nimevuka mpaka, kwa hiyo yaliyobaki tuliyashika kwa mikono miwili.

Nilikula chumbani kwangu, sahani juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Mkwe wangu alikula sebuleni akitoka kazini. Binti yangu alikula kazini, wima, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Meza ya jikoni ilikaa vitabu vya shule na barua za matangazo.

"Mwambie mama chai imeiva," mkwe wangu alikuwa akisema, nami nimesimama pale pale mlangoni.

"Mwambie asante," nilikuwa nikijibu.

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Anasikia Kiswahili chote, lakini akijibu ni Kiingereza. "Nyanya, si amekusikia?"

"Amenisikia. Mwambie."

Siidharau heshima hiyo hata leo. Lakini nataka mjue ilivyokuwa, maana mambo yote yalipitia hapo.

Kuteleza alianza akiwa mdogo sana, kwenye bwawa la bustani ya mtaa wetu. Huku baridi ikija maji yanakuwa sakafu, na watoto wa majirani wanatembea juu yake kama sebuleni kwao. Mwalimu wake wa chekechea alimpeleka na wenzake siku moja, akarudi mashavu yamepasuka kwa baridi, hataki kuvua vile viatu vya visu. Basi ikawa hivyo. Wanawake wa kanisa walinicheka miaka mingi.

"Mama, mtoto wetu mmemtia kwenye friji afanye nini? Si akimbie kama watu wa kwao, mbio zina medali!"

"Wewe uliyekimbia," nilimjibu aliyesema, "hebu tuonyeshe yako."

Walicheka, na baada ya hapo wakaanza kuja kumtazama.

Nguo zake nilimshonea mwenyewe. Mimi ni fundi tangu ujana wangu. Gauni la mwaka ule lilikuwa la buluu iliyokoza, mgongo na mikono vimewekwa kitambaa chepesi kile kinachofanana na ngozi. Cha dukani kinafanana na ngozi za wengine, siyo ya mtoto wetu, kwa hiyo nilikichemsha katika majani ya chai mpaka kikawa rangi yake yeye. Alipolivaa mara ya kwanza, majani yalikuwa bado hayajaanguka mitini, na lilimkamata vizuri. Theluji ilipoanza lilimpwaya kiunoni. Nikalipunguza. Baada ya Krismasi likampwaya tena, sasa mabegani.

"Simama wima," nikamwambia, pini ziko mdomoni.

"Nimesimama, Nyanya."

"Unakula wewe?"

"Nimekula na baba."

"Nini?"

"Ugali na kuku."

Na kweli harufu ya kuku ilikuwa ndani ya nyumba, na baba yake nilimsikia sebuleni akitafuna mfupa. Ningefanya nini, nitoke niende kusimama mbele ya mkwe anakula, nihesabu sahani? Nikapunguza gauni. Jioni nilimwambia binti yangu, "Mwambie mume wako amwongezee mtoto nyama." Alikuwa anavaa viatu kwenda shifti ya pili. "Mama, wacha. Wanamichezo wote wako hivyo. Mtu mzito haruki." Akaenda.

Hata kocha wake, mwanamke mmoja mkimya mwenye koti refu, alimuuliza binti yangu siku moja kama msichana anakula vizuri. Binti yangu alinisimulia huku anacheka. Alikuwa amemjibu, "Na nyanya yake yuko nyumbani? Ungeona anavyopika." Kocha akaridhika. Nami, nasema kweli, nilifurahi kusikia nimesifiwa.

Mashindano ya taifa mwaka huo yaliletwa Saint Paul, ng'ambo tu ya mto. Wenzake walikuja kwa ndege kutoka majimbo ya mbali, yeye alitoka kitandani kwake. Yeye alikuwa kundi la vijana, hatua moja chini ya wakubwa. Wanateleza siku mbili: siku ya kwanza kwa muda mfupi, siku ya pili kwa muda mrefu, halafu alama zinajumlishwa. Medali zao ni nne, hata wa nne anavishwa. Na aliyefanya vizuri huko ndiye anayechaguliwa kupelekwa nje ya nchi.

Siku ya kwanza hakuanguka. Aliruka akazunguka hewani, akatua kwa mguu mmoja kama jani, na wanawake wa kanisa wakapiga vigelegele mpaka wale wazungu wa mbele yetu wakageuka, wakacheka, wakapiga makofi nao. Jina lake likatokea kwenye ubao mkubwa juu ya barafu: wa tano. Simu ya binti yangu ililia bila kukoma. "Wa tano! Kesho anaingia kwenye medali!" Nilimtazama mtoto akija kwetu na koti lake. Lilikuwa la mwaka juzi, na lilimpwaya kama alilirithi kwa mtu mkubwa. Nikashika mkono wake kumpongeza. Nilishika fimbo. Nikamfunga koti, nikajiambia ni baridi ya ule ukumbi.

Asubuhi ya pili nilimpikia uji wa wimbi na mayai. Nilipotoka kuoga bakuli lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa kukauka.

"Umekula?"

"Nimekula na baba," alisema, na baba yake alikuwa tayari nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Alipoingia kwenye barafu mchana ule nilijua kabla muziki haujaanza. Wenzake walipopasha mwili moto walikuwa na mashavu mekundu. Yeye midomo yake ilikuwa ya kijivu. Aliruka mara ya kwanza, akaanguka. Akasimama. Vigelegele vikapigwa kumtia nguvu. Akaruka tena, akaanguka kwa ubavu, na sauti ya mfupa kwenye barafu niliisikia nilikokaa. Akasimama tena. Binti yangu alikuwa anasema, "Inuka, mama, inuka," kama anayemwamsha mtu kitandani. Kisha akaanza kuzunguka mahali pamoja, kile anachokipenda kuliko vyote, kichwa nyuma. Kasi ikapungua, ikapungua, akakaa chini polepole kama mtoto aliyechoka kucheza. Hakuinuka. Muziki uliendelea peke yake kidogo, ndipo wakauzima.

Nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu gani. Walimlaza kwenye ushoroba nyuma ya ukumbi, blanketi juu ya lile gauni la buluu. Mwanamume wa huduma ya kwanza alimshika kifundo cha mkono, akawa anatazama saa yake, anatazama tena. Akatuuliza kwa Kiingereza, taratibu, amekula nini leo.

Binti yangu alimgeukia mume wake. "Mwambie. Mimi nilitoka kazini mkiwa mmeshaondoka."

Mkwe wangu alitazama sakafu, kwa sababu nilikuwa karibu. "Mwambie mama ajibu. Alikula kwake."

"Mwambie mume wako," nikasema, "mtoto alikula na yeye. Uji na mayai."

Hapo akainua uso. Miaka yote hiyo ndani ya nyumba moja, hakuwa amewahi kunitazama machoni. "Mama, mimi aliniambia amekula kwako. Kila siku ananiambia, nimekula kwa nyanya."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Binti yangu akakaa chini kwenye saruji na sare yake ya kazi. "Mimi aliniambia amekula na nyinyi," alisema. "Nyinyi wote."

Yule mtu wa huduma hakujua lugha yetu, lakini alielewa. Hakurudia swali. Mtoto, macho amefumba, alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili: "Msigombane. Sikuwa na njaa."

Walipokuwa wanamsukuma kwenda kwenye gari la wagonjwa tulipita chini ya televisheni iliyokuwa inaonyesha matokeo. Waliosimama pale walitupisha. Majina yote yalikuwa na nambari. Lake lilikuwa chini kabisa, na mahali pa nambari waliandika herufi mbili. Nikamuuliza kocha ni nini hiyo. Alikuwa analia. Akasema maana yake amejiondoa.

Hospitali walisema moyo wake unapiga polepole kuliko wangu mimi mwanamke mzee. Daktari hakutuficha. Alisema mwili ukikosa chakula muda mrefu unaanza kujila, na moyo nao ni nyama. Alisema huu ni ugonjwa, siyo ukaidi, na hatuwezi kuutoa kwa kugomba. Nilikaa kando ya kitanda chake, waya zimebandikwa kifuani, na mashine inahesabu. Kila ilipochelewa kidogo nami nilishika pumzi. Niliomba mpaka maneno yakaniishia, nikabaki nasema jina lake tu. Simu ya binti yangu iliendelea kulia: amekuwa wa ngapi? Mwishowe niliichukua nikaizima.

Nilimuuliza mtoto siku moja, bila ukali. "Tangu lini?"

"Sijui, Nyanya. Ilikuwa rahisi."

"Rahisi vipi?"

"Kila mtu alifikiri niko kwa mwingine."

Nimelea watoto, nimezika mume, nimekaa ugenini na baridi hii. Hakuna neno lililonikata kama hilo.

Walipomruhusu, daktari alitupa masharti mengi, na la kwanza ni kwamba asile peke yake. Mtu akae naye mpaka amalize, kila mlo, na siyo mtu mmoja. Familia. Binti yangu aliitikia kwa kichwa, nikaona anapiga hesabu ya shifti zake. Mkwe wangu aliitikia akitazama mlango.

Tukarudi nyumbani mchana. Nilipika ugali, sukuma wiki, na samaki. Nikapakua. Na mtazame mazoea yalivyo: mkwe wangu alichukua sahani yake akaanza kwenda sebuleni. Binti yangu akaanza kufungia yake kwenye bakuli la kazini. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeshainua yangu kuipeleka chumbani. Mtoto alisimama katikati ya jikoni, koti bado mwilini, anatugeukia mmoja mmoja tunavyotawanyika. Alikuwa anatusubiri tuondoke. Niliona kabisa, usoni mwake: anangoja.

Nikarudisha sahani mezani. Vile vitabu na barua nikavisukuma vikaanguka chini.

"Baba," nikamwita mkwe wangu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Aligeuka kama aliyechomwa. "Mama?"

"Rudi."

"Mama, tutakaaje hivyo? Wa nyumbani wakisikia watasema nini?"

"Wasikie."

Binti yangu alishika mdomo. Mtoto alisema kwa sauti ndogo kwamba hana njaa, kwamba atakula baadaye, kwamba anaomba. Machozi yalikuwa yanamtoka. Yangu pia, lakini sikuyapangusa, nilikuwa nimeshika kiti.

"Baba, kaa hapa, mbele yangu. Mtoto akae katikati yetu. Wewe binti, funga mlango, toa hiyo sare, ukipigiwa simu ya kazi usiishike. Kuanzia leo hakuna sahani inayotoka jikoni humu, iwe yangu, iwe ya nani. Anayechelewa tutamngoja. Mtoto akimaliza kwa saa nzima, tutakaa saa nzima. Naweni mikono, mketi."