Fundi Kelele na Mikia ya Kiingereza

Fundi Kelele alikuwa mtu wa bati. Alitengeneza ndoo, makarai na makopo ya kumwagilia maua, na jina lake alipewa kwa sababu ya nyundo, maana kwa mdomo alikuwa mpole hata kuku wake walimdharau. Miaka thelathini aligonga katika kibanda kilekile, na Kiingereza hakikuwahi kumkosesha usingizi.

Kisha wazazi wa chuo cha uuguzi alikosoma bintiye wakapiga kura: nani asome shukrani siku ya mahafali? Kura ikamwangukia yeye. Hotuba ilikuwa tayari, ukurasa mzima wa Kiingereza, kwa kuwa wageni rasmi hawakujua lugha nyingine.

"Baba," bintiye akasema, macho chini, "si afadhali asome mjomba? Yeye amezoea."

"Mjomba ndiye aliyekuzaa?"

Maneno ya binti yalikuwa yamemchoma Fundi. Mtoto wake alikuwa akimwonea haya, na haya hiyo alitaka kuifuta, hata ikibidi ameze kamusi.

Kwa kujuta, binti akakubali kumfundisha. Kasoro ilijitokeza papo hapo. Baba alisoma kila neno kama tusemavyo sisi, sauti ikikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "HaPInes," akasema. "ElektriSIti."

"Hapana, Baba. Ni HApi, kisha HApines. Mkia ule wa mwisho, 'nes', ni mnyenyekevu, hausogezi kitu. Lakini iLEKtrik ukiitia mkia wake, 'iti', inakuwa ilekTRIsiti. Sauti imehama."

"Imehama kwa nini? Nani kaifukuza?"

"Ndivyo ilivyo, Baba."

"Basi lugha hiyo haina adabu," akasema, akarudi kazini amenuna.

Alikuwa anamalizia kopo la kumwagilia. Akaliunga mdomo mrefu, akalitia maji ya kujaribia, akalinyanyua. Likainama mbele, likamlowesha miguu. Aah! Kila fundi wa bati anajua kwamba kopo ukilitia mdomo, uzito unahama, na mpini lazima uufuate. Ukikunja ukingo tu, mpini unabaki pale pale. Akasimama na viatu vyake vilivyolowa, akacheka peke yake. Kumbe Waingereza nao ni mafundi wa bati!

Tangu hapo alijifunza kwa nyundo, bintiye kando akimsahihisha, pigo jepesi kwa silabi nyepesi, pigo zito palipo na uzito. "Ri-spon-si-BI-li-ti!" Mshona viatu wa jirani akaja mbio kuamua ugomvi, akamkuta mzee analigombeza karai. Mke wa Fundi akalalamika kwamba makarai yote ya wiki ile yamebonyea.

"Hayo ni ya Kiingereza, mama watoto," akajibu. "Yana mkazo."

Siku ikafika. Fundi akapanda jukwaani na suti iliyombana makwapa. Wahitimu walikaa safu ya mbele, bintiye katikati yao, amekodolea macho sakafu. Fundi akashukuru kwa taa za mabweni, na ilekTRIsiti ikapita salama. RisponsiBIliti akaipiga barabara, mpaka mgeni mmoja akatabasamu. Lilibaki neno moja tu, la kuwapongeza vijana.

"Kon-gra-tu..."

Akakwama. Mikono ilishika karatasi, nyundo iko kibandani. Alijua uzito upo mahali fulani, ila ulikuwa umemponyoka. Akaanza upya, akakwama palepale. Mtu akakohoa. Wahitimu wawili wakabinyana, wakaziba midomo. Akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na suti yake.

Ndipo kisigino kikagonga sakafu ya mbao. Ko, ko, ko, KO, ko, ko.

Vichwa vikageuka. Kisigino kikarudia, kwa nguvu zaidi, mbele ya walimu na wageni wote, na mwenye kisigino alikuwa amemkazia macho mzee jukwaani bila kupepesa.

"KongratuLEsheni!" Fundi akaunguruma, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Una wazimu?" mhitimu wa pembeni akanong'ona. "Unapiga kelele mbele ya wageni? Kwani yule ni nani?"

"Yule ni baba yangu," binti akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka jukwaani.