Ndururu ya Wahu

Mpiga picha wa sarafu kuukuu pale Kitengela ana vidole vinene kama vya mfyatua matofali, lakini sarafu huishika ukingoni tu, kwa ncha za vidole viwili. Lori likipita barabarani husubiri mpaka meza itulie, kisha hushusha pumzi zote na kubonyeza kamera. Huongea kwa kunong'ona, hata saa sita mchana. Nduta alimsikia akipaza sauti mara moja tu, siku alipompelekea ndururu ya marehemu mama yake, ile senti tano ya zamani yenye tundu katikati. Mnunuzi alikuwa ametaka picha, naye Nduta akatoa limau mkobani aing'arishe kwanza.

“Wacha, mama! Usisugue!” Kisha akanong'ona tena, “Kuja uone.”

Kwenye kompyuta ndururu ilikuwa kubwa kama sinia. Tundu lake halikuwa duara. Upande mmoja ulikuwa umelika, ukawa laini.

“Hapa ni uzi. Mwenyewe alikuwa anaivaa, na alikuwa anaivuta-vuta.”

Akilini Nduta akamwona mama yake mlangoni kwao Mashuuru, anatazama mawingu, kidole kinaisogeza ndururu kwenye uzi, huku na huku. Nduta alikuwa amesahau kabisa.

“Fundi, siiuzi tena,” alisema, sauti ikimkatika.

Mpiga picha alimsogezea kiti, akangoja atulie.

“Mama alikuwa anaitwa nani?”

“Wahu.”

Chini ya picha, mahali anapoandika mwaka na aina ya madini, akaandika jina hilo peke yake.