Wikio la Baba na Ami

Nyumba yetu ya kisiwani Amu iliungana na nyumba ya ami, ndugu yake baba, kwa wikio: chumba chembamba kilichokaa juu ya ndia, boriti zake zimeegemea kuta za nyumba zote mbili, punda na watu wakipita chini. Mama na mke wa ami walitembeleana humo kutwa bila buibui na bila kuonekana na mtu.

Miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana, wikio likaanza kuvuja. Baba alisema ni la ami. Ami akasema ni la baba. Sijawahi kuona tena ndugu wakipeana mali kwa ukarimu namna ile.

Kisha akaja mgeni wao, mwalimu kutoka Unguja. Akiwa barazani na kahawa yake, alitazama juu akalisifu.

"Hili mwaliitaje?"

"Wikio," baba akajibu.

"Na maana yake?"

Sidhani baba alikuwa amewahi kujiuliza, lakini jibu lilimtoka papo hapo. Ni kuwika, alisema. Babu yetu alifuga jogoo mle, akiwika, mtaa wote huamkia swala. Na jogoo, akaongeza, alikuwa wa upande wetu.

Ami akakohoa. "Ndugu yangu amesahau, Bwana. Asili yake ni kufikia. Mtu hutoka kwake, akafikia kwangu. Na anayefikiwa ndiye mwenye nyumba."

Mgeni alisafiri na maana zake mbili. Wikio likabaki na wenyewe wawili, kila mmoja akimkataza mwenzake kuligusa, hata kwa chokaa. Masika yalipofika, kipande cha sakafu kiliporomoka ndiani, kikamkosa muuza maji kwa shubiri. Alipokuja kulalamika, baba alimwelekeza kwa ami, na ami akamrudisha kwetu.

Mama na mke wa ami hawakungoja zaidi. Wakamwita fundi. Wanaume waliporudi kutoka msikitini walimkuta juu, anapachika boriti mpya.

"Nani kakuita?" baba akauliza.

"Wenye wikio," fundi akajibu, akaendelea kugonga.

Baba na ami walitazamana, wakaenda barazani kuendelea na jogoo wao.

Siku nyingine nilimuuliza mama yeye anashika maana ipi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Shika sahani hii, mkate usipoe. Mpelekee mke wa ami yako."