Herufi Nilizozijua kwenye Chuma

Andika kama ninavyosema, mwanangu Shabani, wala usinipambe. Baba yangu aliitwa Ramadhani Mghenyi, mama yangu Mwanaidi. Mimi nilizaliwa Ilongero, miaka michache kabla ya Uhuru.

Enzi zetu, na wenzangu wa rika langu wanajua, mtoto wa kike alichunga ndama huku kaka zake wakienda shule. Mimi nilichunga, kisha nikamsaidia baba, aliyejifunza kutengeneza taipureta, zile mashine za kupigia chapa, kwa fundi mmoja wa Kihindi mjini Singida. Ofisi zilimletea mashine zilizojaa vumbi na mayai ya mende. Kazi yangu ilikuwa kuvichokoa kwa sindano vile vichwa vya chuma vinavyobeba herufi, na kuvisugua kwa mafuta ya taa mpaka ving'ae. Hata uji wa uwele tuliunywa na harufu hiyo. Utepe wa wino ulibaki ofisini, hivyo sikuwahi kuziona herufi zikitua kwenye karatasi. Baba naye hakusoma. Mashine aliijaribu kwa sikio. Aliniahidi, "Siku utakayojua kusoma, utakaa uigonge wewe."

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, darasa la kisomo cha watu wazima likafunguliwa, nikaandamana na mama. Mwalimu akauliza nani anajua herufi yoyote. Nilisimama kwa majivuno, nikaandika zote nilizozikumbuka.

"Binti," akasema, "herufi zako zimegeuka."

"Ndivyo zilivyo, mwalimu."

Mama mmoja akasema nawaandikia watu walio nyuma ya ubao, darasa zima likacheka.

Nyumbani nilimchorea baba mchangani. Alileta kichwa kimoja cha chuma, akalinganisha kwa muda mrefu.

"Zimekaa sawasawa. Huyo mwalimu ndiye asiyejua."

Akanikataza kurudi. Mama alimsihi mpaka ugali ukapoa, baba hakubadilika. Sikusoma, na mashine sikuigonga. Hadi leo sijaelewa kama baba alinitetea au alinifungia mlango.

Wewe, Shabani, umenieleza kwamba herufi ya chuma lazima ikae kinyume ili karatasini itokee sawa. Nilikuelewa, kisha nikapotea tena. Inakuwaje kitu kikosewe kwanza ndipo kiwe sahihi?

Zamani mashine moja ilisemea tarafa nzima, na watu walivua kofia mlangoni mwake. Leo ninyi mnaoandika kwa dole gumba kwenye simu mnazinunua mbovu, mnazipaka mafuta, mnazipiga picha, kisha mnaziweka karibu na ua la plastiki. Umeniletea nne, ukaniuliza ipi ilipita mikononi mwa baba. Sijui. Zote zinafanana, na macho yangu yamechoka.

Uza tatu ukipenda. Moja uitunze, yoyote ile, na binti yako akae aigonge kabla hajajua kusoma. Karatasi hii nayo uitunze. Ila usiikunje bado. Nisomee kuanzia juu, polepole, ukiwa umekaa kando yangu na umeielekeza kwangu, nami nitazame herufi zinaelekea wapi.