Masaa na Ndege ya Binti Yake

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Wote walimwita Masaa, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili alikata tiketi za ndege kwenye kiofisi kilicho juu ya duka la viatu, na ungemtajia miji miwili yoyote angekuambia umbali wake na muda wa safari bila kugusa kompyuta. Alifumba jicho moja, akakuna kidevu, akatamka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini waoga wa ndege aliwacheka kuliko rubani.

Mama yake Masaa alipofariki, binti wa Masaa alipiga simu akilia, kutoka mji alikosomea, kilomita elfu kumi na mbili upande wa magharibi. Marehemu ndiye aliyemlea binti huyo.

"Baba, kuna ndege mbili. Moja inaondoka asubuhi hii, ila lazima nibadilishe ndege njiani. Nyingine saa tatu usiku, inakuja moja kwa moja. Nipande ipi? Nataka nimwone Bibi kabla hajazikwa."

Masaa akafumba jicho. Angani masaa kumi na tano. Tofauti ya saa, saba.

"Ya kubadilisha itakuchosha bure, mwanangu. Panda ya usiku. Utatua kesho alfajiri, saa kumi na moja. Mazishi ni saa tano. Utawahi, tena utaoga."

Tiketi ilionyesha saa ya kutua, lakini binti hakuitazama. Nani asome tiketi wakati baba yake ni Masaa?

Alfajiri Masaa alikuwa uwanja wa ndege. Kulipopambazuka bila abiria hata mmoja kutoka, akaenda dawati la maelezo.

"Hiyo inatua saa moja jioni, mzee," dada wa dawati alimwambia.

"Mwanangu, kazi hii naifanya tangu hujaanza shule."

Hata hivyo aliomba kalamu. Wateja wake wote walikuwa wakienda, si kurudi. Kwa anayekwenda magharibi unapunguza masaa saba, na mkono wake ulizoea kupunguza. Anayerudi huongezewa. Alihesabu mara tatu, na mara tatu ikatoka saa moja jioni. Akarudisha kalamu. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amemwangamiza mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Akampigia kaka yake. "Tusogeze mazishi hadi jioni, kaka. Nimekosea hesabu."

"Umekosea wewe?" kaka alisema. "Watu wamejaa, kaburi limechimbwa, wengine wamesafiri usiku kucha. Na mama tumeshamkalisha tangu jana kwa ajili ya saa yako. Nisamehe, mdogo wangu."

Hakwenda makaburini; kama binti hamziki Bibi, naye asingemzika. Alibaki kwenye kiti cha bati, ametumbua macho, na saa tano ilipofika alisimama peke yake katikati ya watu wenye masanduku, akakaa tena.

Saa moja jioni binti alitoka, mtandio mweusi kichwani, amenawa uso. Alikuwa amelala njia nzima bila wasiwasi. Alimwona baba yake, akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Baba, nje bado giza, nimewahi! Bibi yuko nyumbani bado? Twende basi, ananisubiri."