Majina ya Mwisho wa Kaseti

Siku yangu ya kwanza ku kazi, Chef Technicien hakunisalimia. Alinionyesha kiti, akanionyesha mashine ya kurekodi yenye bobine mbili, kisha akaweka kidole juu ya kioo kidogo ya vu-mètre, pale sindano inacheza kufuata sauti. Akasema: "Kijana, hapa ku nyeusi ni kazi. Hapa ku nyekundu ni aibu. Sindano ikiingia mu nyekundu, sauti inapasuka, na kwaya ya mission itatoka sawa inaimba ndani ya pipa. Umesikia?" Nikajibu: ndiyo, Chef. Hivyo njo nilianza kazi ya mutu wa son, fundi wa sauti, mu Butembo, na miaka mingi niliifanya vile alinifundisha.

Studio yetu ilikuwa depot ya zamani ya kuweka kawa, kahawa. Ku kuta tulitundika magunia na matelas za kulalia, juu sauti ikigonga ukuta mutupu inarudi ku micro mara ya pili na wimbo unakuwa na matope. Courant ilitoka ku groupe, jenereta yetu. Ile groupe tuliichimbia shimo nyuma ya nyumba, tukaifunika na mabati na udongo, ili ngurumo yake isiingie mu bande, ule utepe wa kurekodi. Leo vijana banarekodi ndani ya téléphone, banajiita ingénieur. Sina neno.

Lazima nieleze kitu moja kwa bale hawajui. Mu muziki ya kwetu Congo kuko kitu banaita libanga. Katikati ya wimbo, muimbaji anatupa jina ya mutu: patron fulani, colonel fulani, mwenye malori fulani. Ule mutu alitoa kitu ili jina yake isikike, na kila mwenye kusikiliza anajua vile. Kazi yangu ilikuwa kuacha nafasi ya yale majina ku piste ya sauti. Piste ni kama njia ndani ya bande, na mashine yetu ilikuwa nazo nne. Ukirekodi upya juu ya piste, kile kilikuwa pale kimekufa. Hapana kufufuka.

Kisha vita ikatufikia. Rebellion moja ikachukua muji, ikagawanyika, majina yake yakabadilika mpaka tukachoka kuyashika. Barabara ya Kasindi na ile ya kushuka ku ziwa zikajaa barrière za kuzuia magari, na ku kila barrière basoda na kamba. Lakini batu bakaendelea kusafiri, juu Butembo isipochuuza haikule. Na batu bakaendelea kuimba. Studio haikufunga hata wiki moja.

Mu ile miaka njo Paluku alikuja. Alikuwa soudeur, fundi wa kuunganisha vyuma, na alipiga guitare na benzake watatu. Bendi yao iliitwa Chuma Baridi. Muziki yenye balipiga, metal, ile tuliita muziki ya chuma, hakuna mutu mu Butembo alikuwa anaipiga: kaseti zake za kwanza zilifika na mashofere toka ng'ambo ya mupaka. Ngoma za kukimbia, guitare za kukwaruza, sauti ya mutu mwenye hasira. Paluku alijitengenezea pédale mbili za ngoma kubwa na minyororo ya kinga, ya baiskeli. Guitare aliipitisha ndani ya mégaphone ya zamani, ile ya procession ya parokia, ili ipasuke vizuri.

Siku ya kwanza nilizima mashine. Nikamwambia: "Paluku, unaniharibia kazi. Sindano iko inalala mu nyekundu."

Akajibu bila kupandisha sauti: "Papa Mbusa, kule mu nyekundu njo tunaishi siku hizi. Uturekodi pale tuko."

Nilikasirika. Nilikuwa mutu wa kwaya, mimi. Nilifikiri huyu kijana ananichezea, na nilikuwa karibu kumufungulia mulango atoke. Halafu akanieleza juu ya Kakule.

Kakule alikuwa mupiga basse wao. Mutoto wa Kyavinyonge, kule ku ziwa, aliendesha camionnette ya samaki kupanda Butembo, na jumamosi alikuwa ku répétition, mazoezi ya bendi, na bile bidole bikinuka tilapia. Siku moja ku barrière basoda balimuomba samaki, akabapa. Bakamuomba zingine, akasema hizi ni za bamama, hazikuwa zake. Bakamupiga risasi pale pale ku volant ya gari. Hakuna mutu aliulizwa. Hakuna tribunal, hakuna tangazo ku radio. Bamama bakapakua samaki yao, bakaweka maiti pahali pa samaki, bakamurudisha kwa mama yake.

"Sisi hatuna bunduki," Paluku akaniambia. "Tuko na hii kelele tu. Tunataka kufanya kaseti nzima, na ku mwisho wake tutupe mabanga. Lakini si ya bapatron. Ya bale bote balikufa mu ile njia. Kakule kwanza."

Basi nikawasha mashine. Kazi ya ile kaseti ilikuwa nguvu kuliko kazi yote niliwahi kufanya. Ngoma zilitingisha magunia mpaka vumbi ya kawa ikatuangukia. Niliweka micro ya ngoma ndani ya nusu ya pipa, nikaweka ile ya mégaphone kinyume, inaangalia ukuta, juu mbele yake ilikuwa inasema uongo. Tuligombana kila siku. Paluku alitaka sauti yake izame ndani ya guitare. Nikamwambia zamisha zote, lakini yale majina hapana: yale yatasimama mbele, safi, hata bibi wa miaka themanini asikie kila moja. Akakubali. Wakati alitaja Kakule wa Kyavinyonge, sindano ilikuwa ku nyeusi, pale pale Chef wangu alinifundisha. Ile niliifanya makusudi, na mpaka leo najivunia.

Kaseti iliitwa Barrière. Ilipotoka, bacrétien bazuri ba Butembo balisema ni muziki ya shetani. Mama moja wa kwaya alikuja mpaka ku mulango yangu kuniambia ataniombea. Nikamwuliza kama aliombea na bale basoda. Akachukua mwavuli yake, akaenda. Lakini mashofere balielewa kabla ya batu bote. Ile muziki ilikuwa kubwa kuliko moteur ya lori, balisema, na mwisho wake balijua majina. Kutoka Beni mpaka Kasindi balikuwa bakifika ku yale majina, banapunguza mwendo.

Sasa sikilizeni upumbavu wa bakubwa.

Rebellion ilikuwa na Commissaire wa Habari. Kila kaseti ilipaswa kupita ku meza yake. Alituita, Directeur wa studio na mimi, tukamukuta na radio-kaseti mbele yake na mwisho wa Barrière unapigwa. Alitega sikio kwa makini sana.

"Monsieur le Directeur," akasema, "hawa bakubwa ni banani? Huyu Kakule wa Kyavinyonge. Iko na uwezo wa kutupisha jina yake mu muziki, mais ku effort de guerre, mchango wa vita, simuoni. Ni mufanyabiashara wa samaki, sivyo? Anajificha?"

Directeur alikuwa mutu aliyetumwa kwetu toka Kisangani, mwenye cravate hata jumapili. Akaniangalia mimi. Nikasema: "Excellence, bale ni bafu, balikufa."

"Bafu hawalipe libanga," akajibu, akacheka. "Musinichukue mutoto. Nimekwisha kutuma basoda Kyavinyonge bamulete."

Munasikia? Batu ba serikali yake njo balimuua, naye anatuma basoda bamutafute kwa kodi. Na basoda balifika kweli kwa mama ya Kakule. Balimuuliza mutoto wake iko wapi. Yule mama hakulia, hakubishana. Akabapeleka nyuma ya nyumba, akabaonyesha kaburi, akaingia ndani. Ile nilisikia ku kinywa ya soda mwenyewe, juu tulikuwa tena ku bureau wakati alirudi. Alisimama mbele ya meza na Lingala yake: "Chef, moto wana akufa kala." Ule mutu alikufa zamani.

Mutu mwingine angeona haya. Angesema pole, hata ya uongo. Commissaire akageuza kalamu yake mu vidole, kisha akasema kwamba ile wimbo inaharibu jina ya rebellion mbele ya raia. Itoke upya. Yale majina yafutwe, na pahali yao ikae jina yake, mara kwa mara, na cheo yake, juu yeye njo alikuwa mulinzi wa utamaduni. Basoda bakapita ku parking na mu soko bakikamata copie za kwanza. Zenye balikamata balizikanyaga na mabottines mbele ya batu.

Ku studio, Directeur aliweka bande mère, ile ya asili yenye copie zote zinatoka, juu ya mashine. Mufanyakazi moja wa Commissaire alikuwa tayari mbele ya micro, anakohoa kusafisha koo.

"Papa Mbusa, endesha."

"Monsieur le Directeur, mukono yangu hapana."

"Ni amri. Mimi niko na batoto."

"Mimi pia niko na batoto. Hapana."

Directeur akafinya bouton nyekundu ya kurekodi yeye mwenyewe. Najua aliogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini kuogopa kwake kulikula majina ya batu, na sikumusamehe zamani, simusamehe sasa. Nilichukua koti yangu ku musumari, nikatoka. Paluku alivuka mupaka kabla ya basoda kufika ku atelier yake ya kuunganisha vyuma, na hajarudi tena. Mimi nilishuka Beni, nikapata kazi ku radio moja ndogo. Pale nilifundisha bale bote banatengeneza son leo kule, chini ya badirecteur watatu, wazuri na wabaya, mpaka retraite, wakati niliacha kazi.

Miaka yote ile nilitafuta copie moja tu ya kwanza. Niliuliza mashofere, niliuliza Kasindi ku bacambistes bale banabadilisha franga, niliuliza kila mutu aliyekuwa na kaseti ndani ya sanduku. Kila mara banatoa Barrière kwa furaha, na kila mara ni ile ya pili, yenye jina ya Commissaire. Na siku hizi vijana ba radio bananiita ku émission, kipindi yao, bakinipongeza. Banasema kaseti ya kwanza ya muziki ya chuma mu Grand Nord, huku kwetu, ilitoka kwa musaada wa mheshimiwa fulani, na ushahidi ni kwamba jina yake imo ndani. Nikibaeleza, banasema: Papa, tusiingize politique.

Basi nibaeleze mara ya mwisho, halafu ninyamaze.

Mwaka huu mama moja alipanda kutoka Kyavinyonge, akauliza njia mpaka akafika kwangu Beni. Mama Kavugho, mama ya Kakule. Ku mji yake hakuwa na mashine, na mu ile miaka nani angethubutu kumupigia. Balikuwa bamemwambia tu kwamba mutoto wake anaitwa mu wimbo. Alikuwa amezeeka, alitaka kusikia mara moja. Nikaanza kumueleza kilichofanyika. Akanikata: "Weka kwanza, baba." Akakaa ku kiti, akaweka mikono juu ya magoti.

Nikaweka. Alisikiliza ngoma zote, guitare zote, bila kukunja uso. Mwishoni ikaja sauti ya yule mutu wa kukohoa, na jina ya Commissaire, na cheo yake, na tena jina yake, na tena. Mama Kavugho alingojea mpaka kaseti ikasimama yenyewe.

"Huyu naye," akaniuliza, "alifia ku barrière gani?"

Nikamwambia: "Mama, huyu hakufa. Iko muzima. Iko Kinshasa, ni mukubwa."

Akanyoosha kidole ku mashine.

"Sasa anafanya nini pahali pa mutoto wangu?"

Akarudi kwake. Bale banasema ku radio kwamba alisaidia muziki bashuke Kyavinyonge, bamujibu wao. Nyumba yake iko karibu na pale banakausha samaki, na ule mama hajalala, anangojea.