Nguzo za Kalenga Zilizonuka Injini

Jamani, mmeshawahi kuingia nyumba ya udongo mkakuta inanuka injini?

Zubery Kalinga aliingia. Ilikuwa mwaka 1956, Kalenga, nyumba ya mama yake mzazi. Tembe ya miti na udongo mpaka juu ya paa, isiyowahi kuingiza hata baiskeli, lakini ukisogelea nguzo unasikia harufu ya oili ya gari.

Kwanza alidhani ni nguo zake. Akanusa mikono. Akanusa shati. Halafu akasogeza pua kwenye nguzo, akabaki pale pale.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema nimeruka.

Zubery alikuwa Mhehe wa Kalenga aliyehamia Mbeya kufuata biashara ya samli. Ananunua kwa wafugaji wa Usangu, anajaza madebe, anapeleka kuuza Iringa. Gari lake lilikuwa kuukuu, lori dogo la jeshi lililouzwa baada ya vita ya Hitla, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Watu wakamwita tajiri, naye akaitika.

Dereva wake alikuwa Bushiri. Asili yake pwani, ila kazaliwa Iringa mjini, na ufundi kajifunzia jeshini, huko Burma.

Bushiri hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwenye oili hakuwa na masihara. Kila maili elfu anafungua bolti ya chini, anamwaga yote, anaweka mpya. Yaani kila safari ya pili ya Iringa.

Zubery ilimkera.

"Bushiri, hii oili mbona bado ipo?"

"Ipo, tajiri, lakini imechoka."

"Mafuta yanachokaje?"

"Yamebeba uchafu wa chuma. Na gari likishakuwa zee ndiyo linataka zaidi, kama mtu mzima na dawa zake."

Zubery hakuelewa, na msimcheke. Yeye ni mtu wa samli. Chungu cha samli hakimwagwi hata siku moja. Kikipungua unaongeza, na ile ya zamani ndiyo inayoipa mpya ladha. Sasa huyu dereva anamwaga mafuta mazima chini, halafu anataka mengine?

Hapo ndipo akaingia Jailos.

Jailos alikuwa na duka jirani na duka la Zubery pale sokoni Mbeya, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Tajiri, hiyo oili chafu dereva wako anaipeleka wapi?"

"Si anamwaga."

"Nani amwage mali? Watu siku hizi wanapaka miti ya nyumba, mchwa hasogei. Wanaojenga kule Iyunga wanaitafuta kama dawa." Akainama karibu. "Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu."

Basi. Neno likishaingia sikioni halitoki. Zubery hakulala vizuri wiki nzima.

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa saba mwaka 1955, soko limejaa, akamsimamisha Bushiri mbele ya gari.

"Oili unayomwaga inakwenda wapi?"

Bushiri akafuta mikono kwenye kitambaa. Akafuta tena, wakati ilishakuwa safi.

"Inafanya kazi, tajiri."

"Kazi ya nani?"

Bushiri akakunja kile kitambaa.

"Unamuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu hata tone. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nimeshatoa ahadi." Akamwangalia. "Tajiri, nenda kamsalimie mama."

Wee! Zubery akapandwa na hasira mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Anamuuliza habari ya wizi, mtu anamletea habari ya mama.

"Mwizi mkubwa! Mwizi wa oili! Toa funguo!"

Soko zima likasikia. Bushiri akaweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Jina likabaki. Mwizi wa oili. Alikwenda kwa matajiri wengine wenye malori, wakamwambia nafasi hakuna. Fundi wa Burma akaishia kubeba magunia ya mpunga.

Zubery akashika usukani mwenyewe. Oili ikipungua anaongeza, kama samli. Miezi minane, hajafungua ile bolti hata mara moja.

"Umeona?" Jailos akamwambia. "Gari si linatembea?"

Kweli lilikuwa linatembea. Lilianza kugonga kidogo, kama mtu anatwanga mahindi nyumba ya tatu, lakini lilitembea.

Na hapa mnisikilize vizuri. Miezi yote hiyo alikuwa anafika Iringa mwenyewe, na kutoka mjini hadi Kalenga ni maili kama kumi tu. Anashusha madebe, anamnunulia mama sukari, anampa mtu anayekwenda kule.

"Mwambieni mama safari ijayo nitapita."

Safari ijayo ikawa na safari ijayo yake.

Mwezi wa tatu, mvua zimechachamaa, ikaja simu ya maandishi kutoka Iringa. Maneno machache: paa limemwangukia mama, yu hai, njoo.

Hakufunga hata duka. Aliingia garini asubuhi ile ile, analia na kuendesha. Tope kila mahali. Alipopita Igawa injini ikawa inagonga waziwazi. Akasimama, akaongeza oili mpaka ikajaa, akasema bismillahi, akaondoka.

Kwenye kilima cha kupandia Makambako gari likatoa mlio mmoja mbaya, likafa.

Alipiga hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Injini haikusogea hata nywele. Akaingia chini ya gari, kwenye tope, akafungua bolti kwa mara ya kwanza.

Hakikutoka kitu. Akachokonoa na kijiti. Kikatoka kijiti kimeshika uji mweusi, mzito kama ugali wa ulezi.

Akakaa chini ya gari na kile kijiti mkononi. Akakumbuka neno la Bushiri. Imechoka, tajiri.

Siku mbili alikwama pale. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari linalopita. Siku ya tatu akapata lori la mbao, akafika Kalenga mchana.

Akakuta watu wamekaa kwenye mikeka.

Mama alikuwa amezikwa jana yake, alasiri.

Aliyempokea ni Mama Severina, jirani, Mkatoliki aliyekaa na marehemu tangu ujana wao. Alimpa maji, akamwacha anywe kwanza.

"Alikungoja," akasema. "Kila gari likisikika barabarani anasema, huyo ni Zubery. Hata malori ya Wahindi, anasema huyo ni Zubery."

Zubery akainuka, akaingia ndani, kwa sababu hakuweza kukaa pale watu wakimwangalia. Ndipo akakutana na ile harufu.

Chumba cha kwanza, nguzo sita, nyeusi tii, zinang'aa. Sebuleni, nguzo nne, nyeusi vilevile. Zote zimesimama, na udongo wa paa juu yake haujacheza.

Chumba cha mama kilikuwa kifusi. Nguzo zake zilikuwa nyeupe, zimevunjika katikati, na ndani mchwa wameacha maganda matupu.

"Nani alipaka hizi?"

Mama Severina, aliyemfuata ndani, akamshangaa. "Dereva wako. Hukujua? Kila alipoleta sukari yako alimwagia oili ya gari kwenye debe hapa uani, kisha anapaka nguzo mbili, tatu, kwa kadiri debe linavyofika. Mama yako alimwapisha asikwambie."

"Kwa nini?"

"Si alikutumia salamu mara tatu kwamba mchwa wanakula nyumba? Ukasema safari ijayo. Akasema basi, sitamwomba tena. Siku akija ataona mwenyewe."

Zubery akashika nguzo.

"Na chumba chake mbona hakikupakwa?"

Mama Severina akaokota ganda la nguzo kwenye kifusi.

"Dereva alitaka kuanza nacho. Mama yako akakataa. Alisema, anza na chumba cha Zubery, akija alale salama. Changu mwisho. Kilikuwa kimebaki hicho tu. Yule baba alisema atakimalizia safari ijayo, halafu hatukumwona tena."

Zubery alikaa chini, palepale kwenye kifusi. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka wakwe na majirani waliokaa nje wakamsikia.

Sasa mtaniuliza mimi nimeyajuaje haya yote, mpaka kijiti cha chini ya gari.

Nimeyajua kwa sababu Zubery aliyasimulia mwenyewe, siku moja, sebuleni kwetu. Bushiri ni babu yangu mzaa mama. Mama yangu alikuwa msichana mkubwa wakati ule, ndiye aliyewapelekea chai.

Zubery alikuja baada ya arobaini ya mama yake, na debe zima la samli. Alipita mlango wa uani. Alisema yote, akapiga magoti, akashika miguu ya babu.

Babu alimwacha amalize. Halafu akamuuliza jambo moja.

"Haya umeyasema sokoni?"

Zubery akainamisha kichwa.

"Jailos anajua?"

"Bushiri, nisitiri. Mimi ni mtu na jina langu. Nitakupa kazi, nitakupa..."

"Basi bado hujaja," babu akasema. "Chukua samli yako. Siku ukija, utanikuta."

Babu alikufa mwaka 1971. Msibani, mzee mmoja wa Mbeya mjini aliuliza kwa nia njema kabisa: aliyefariki ni Bushiri yupi, yule mwizi wa oili?

Zubery alikuwepo. Alikuwa amekaa karibu na huyo mzee, na alimsikia. Aliangalia mkeka.

Mimi nina kigari changu kizee, na oili namwaga kwa wakati, hilo wala sihitaji kukumbushwa. Ila ninyi nawaomba jambo moja. Ukimwita mtu mwizi mbele ya watu, usije kumwomba radhi chumbani. Rudi palepale ulipomwitia, na upaze sauti ileile.